Kibali cha septiki kimekataliwa? Kabla hujagombana na ofisi, tuisome barua pamoja

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu kibali cha septiki, yaani tanki la maji taka la nyumbani, wanaanza na hasira, na tunawaelewa kabisa, maana nyumba imeshafika juu, fundi anadai hela yake, halafu inakuja karatasi moja inasema simamisha kazi. Lazima mtu ahisi kaonewa. Wengine washaamini mkaguzi ana lake jambo, wengine wanataka kesho iwe mahakamani. Sisi tunaomba kitu kimoja tu kwanza, tutumie picha ya hiyo barua, kurasa zote, hata ule wa nyuma wenye maandishi madogo.

Kwa nini barua? Kwa sababu mle ndani huwa kuna kifungu kimoja au viwili ambavyo ndo mgogoro wenyewe, mengine ni maneno ya kawaida ya ofisi. Inaweza kuwa umbali kutoka kwenye kisima, au udongo haunyonyi, au maji ya chini yako juu, au vyumba ni vingi kuliko uwezo wa tanki, au umefukia kabla hawajaja kukagua. Kila kesi hapo ina jibu lake. Sasa mtu anaandika malalamiko kurasa nne, anaeleza alivyohangaika, alivyokopa, jirani alivyopewa kibali bila shida yoyote, lakini kwenye kurasa zote hizo hamna kipimo hata kimoja, na afisa anayesoma hata kama anamwonea huruma hana cha kuweka kwenye faili.

Tuanze na umbali, maana hapo ndo watu wanabishana sana. Umbali unapimwa mstari ulionyooka, kuanzia ukingo wa tanki au wa shimo la kunyonya (lile linalopokea maji yanayotoka kwenye tanki ili yazame ardhini) mpaka kwenye kisima, haupimwi kwa njia unayopita kwa miguu. Kila mahali pana namba yake kwenye kanuni, ila mita 30 kati ya shimo la kunyonya na chanzo cha maji ni namba utakayokutana nayo sehemu nyingi duniani. Na kisima cha jirani kinahesabika kama cha kwako.

Kuna mama mmoja mteja wetu alikataliwa kwa sababu hiyo hiyo, akasema haiwezekani, kisima cha jirani kiko mbali, kila siku anazunguka kwenda kwao. Tukaenda na futi kamba tukaipitisha juu ya ukuta badala ya kuzunguka getini, kweli palikuwa karibu kuliko alivyodhani, lakini bado haikulingana na kwenye ramani. Kumbe mchoraji alikuwa ameweka shimo kwenye kona ambayo sio, kiwanjani limechimbwa kona ya pili kabisa na umbali unatosha vizuri. Ofisi ilikuwa imekataa ule mchoro, na mchoro wenyewe ulistahili kukataliwa. Tukachora upya, tukaonyesha vipimo kutoka kwenye bikoni mbili, zile alama za mpaka wa kiwanja, ili mkaguzi akija aweze kupima mwenyewe na apate namba ile ile, na kibali kikatoka bila rufaa.

Hili la umbali tunalisisitiza jamani sio kwa ajili ya makaratasi. Mwaka 1854 kule London, kipindupindu cha Broad Street kilichunguzwa mpaka ikaonekana shimo la maji taka la nyumba moja lilikuwa limeharibika na liko chini ya mita moja kutoka kwenye kisima ambacho mtaa mzima ulikuwa unachota. Kwa hiyo kama tukipima na kukuta kweli uko karibu mno, hatutakuandikia barua ya kupinga, tutatafuta pa kuhamishia shimo.

Udongo sasa. Barua ikisema udongo haufai, swali letu la kwanza ni nani alipima na alipimaje, maana kipimo cha unyonyaji kinaharibika kirahisi sana. Unachimba shimo dogo mpaka kina kile ambacho mabomba ya kunyonya yatakaa. Kama udongo ni wa mfinyanzi, jembe au mashine inapopita inapaka kuta za shimo zinakuwa laini, zinang'aa, zimeziba, sa ukimwaga maji yanakaa tu na kila mtu anasema udongo mbaya. Inabidi ukwangue kuta kwa kisu au msumari mpaka zirudi kukwaruza kama udongo wa kawaida, utoe udongo uliodondoka, uweke kokoto kidogo chini kama sentimita 5, halafu uloweshe shimo kwa masaa mengi, mfinyanzi unalowekwa usiku kucha, ndo baadaye ujaze maji tena na kuanza kusoma yanashuka kiasi gani kila dakika 30. Ukiruka kuloweka utapata majibu mazuri ya uongo, udongo mkavu unakunywa maji haraka, msimu wa mvua ukija yanarudi juu. Na kingine ambacho watu hawategemei, udongo unaonyonya haraka kupita kiasi nao unakataliwa, maana mchanga mtupu unapitisha maji taka chini kabla hayajachujwa.

Tukikuta kipimo kilifanywa hovyo tunaomba kirudiwe mkaguzi akiwepo, na tunaomba kwa maandishi. Hiyo peke yake imemaliza migogoro mingi.

Halafu kuna ile ya maji ya chini. Mteja anasema nimechimba kiangazi hamna hata tone, ofisi inasema maji yako juu. Hapa udongo wenyewe unatoa ushahidi. Angalia ukuta wa shimo mchana, ukiona rangi ya kijivu imechanganyika na madoa ya kutu ujue hapo maji huwa yanapanda na kushuka, chuma kilichomo kwenye udongo kinapoteza rangi kikikaa majini bila hewa, hewa ikirudi kinapata kutu. Afisa mzoefu anasoma hayo madoa hata kama shimo ni kavu. Sa badala ya kubishana kama kuna maji au hamna, tunapeleka pendekezo lingine, mfano eneo la kunyonya linaloinuliwa juu kwa mchanga, au mtambo unaosafisha kwa kuingiza hewa kama kanuni za pale zinaruhusu.

Vyumba havina mambo mengi. Sehemu nyingi tanki linahesabiwa kwa vyumba vya kulala na sio kwa watu mliopo leo, kwa sababu nyumba itauzwa au itapangishwa. Ukichora stoo yenye mlango na dirisha kubwa usishangae ikahesabiwa chumba.

Kuhusu waliofukia kabla ya ukaguzi, au walionunua nyumba yenye septiki isiyo na karatasi yoyote, kazi ni kufukua. Tunafungua mifuniko, tunapima tanki, tunaangalia ile tii ya kutokea (kipande cha bomba chenye umbo la herufi T pale maji yanapotokea) kama ipo na inafika chini ya tabaka la mafuta linaloelea, maana isipokuwepo yale mafuta na uchafu vinakwenda kuziba eneo la kunyonya, alafu tunachora mfumo wote kama ulivyojengwa. Tafadhali sana, usimruhusu kijana yeyote ashuke ndani ya tanki kupima, hata kama lina maji kidogo, hata kama limekaa wazi tangu asubuhi. Gesi ya mle inaua mtu kwa muda mfupi sana, na anayeshuka kumwokoa naye anabaki huko huko. Vipimo vyote tunachukua tukiwa juu.

Hatupeleki bahasha kwa mtu yeyote, tunasema mapema ili tusipotezeane muda. Kibali kilichopatikana hivyo kinakuja kukusumbua siku unauza nyumba au siku kisima cha jirani kinanuka.

Na rufaa ipo, tunaiandika pale ambapo vipimo viko upande wako na ofisi bado inakataa, ila angalia tarehe kwenye barua, muda wa kukata rufaa unaanza kuhesabiwa kabla wewe hujapoa hasira. Ukituma hiyo picha weka pia ramani iliyopelekwa ofisini, majibu ya kipimo cha udongo kama yapo, na picha ya kiwanja inayoonyesha visima vyote unavyovijua, cha kwako na vya majirani, pamoja na kile cha zamani ambacho siku hizi hakitumiki.