Endimili na mwendo wa kukatia alumini: barua kwa fundi mwenzangu wa Singida

Kizota, Dodoma
Agosti 2025

Ndugu yangu na fundi mwenzangu,

Salaam nyingi kwako na kwa nyumba yako yote. Nimefurahi kusikia kwamba mashine ya milingi imefika Singida salama na imeshafungwa kwenye sakafu ya zege, na habari ya vifuniko vya beringi unavyovitengenezea mashine za kukamulia alizeti nimeisoma kwa makini. Umeniuliza ununue endimili gani, yaani kikatio cha meno kinachozunguka kwenye mashine hiyo, na uiendeshe kwa mwendo gani ili alumini iache kuganda kwenye meno. Nakujibu kwa urefu, kwa kuwa kazi ya mteja ikiharibika hasara yake huipita mbali bei ya endimili.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, lakini haingoji kufika huko ndipo isumbue. Ikibanwa na kusuguliwa kwenye makali hujibandika ingali ngumu, na chenga ya kwanza, yaani kipande kidogo kinachong'olewa na jino, ikishanasa, zinazofuata hazikutani tena na makali bali na alumini mwenzao. Hapo endimili inakuwa haikati tena, inasukuma. Joto linapanda, njia za kutolea chenga zinaziba, na baada ya muda mfupi unasikia mlio wa kuvunjika. Kwa hiyo kila unapochagua kifaa au mwendo, jiulize kwanza kama chenga itatoka nene, na kama itapata pa kupita.

Ile endimili ya meno manne yenye utando wa zambarau iliyokoza uliyouziwa, iweke kwa kazi za chuma. Meno manne huacha njia nyembamba mno kwa chenga za alumini, ambazo ni kubwa na nyingi. Kwa kuchimba mfereji tumia meno mawili. Kwa kukata ubavuni, ambako chenga zina nafasi ya kuruka nje, meno matatu yanafaa sana. Utando wa rangi ile mara nyingi una alumini ndani yake, pamoja na titani na naitrojeni, nao huivuta alumini unayoikata ijishike. Endimili isiyo na utando wowote, iliyosuguliwa mpaka njia zake zinang'aa kama kioo, ndiyo bora kwako. Angalia pia mshazari wa meno: wa digrii 40 au 45 huinua chenga na kuitoa juu vizuri kuliko ule wa 30 uliozoeleka.

Sasa suala la endimili ya kabaidi, ile ngumu zaidi, na ya haispidi, yaani ya chuma maalumu cha kukatia, ambalo naona limekusumbua kwa sababu ya bei. Umesema mashine yako mwisho wake ni mizunguko 2,000 kwa dakika. Endimili ya milimita 12 ikizunguka hivyo, makali yake husafiri mita 75 kwa dakika, maana unazidisha kipenyo kwa 3.14 na kwa mizunguko, kisha unagawa kwa 1,000. Mwendo huo unaifaa kabisa haispidi. Kabaidi huanza kuonyesha faida yake ya mwendo kuanzia mita 150 na kuendelea, na mashine yako haiwezi kuufikia kwa kipenyo hicho. Mimi ningenunua haispidi yenye kobalti, kali na mpya, isiyowahi kugusa chuma hata mara moja, kwa kuwa makali yaliyokwisha kulika kwenye chuma husugua alumini badala ya kuikata.

Nikukazie zaidi habari ya kusogeza meza, kwa sababu ndiko mafundi wengi wanakoogopa pasipo sababu. Endimili hiyo yenye meno mawili, kila jino linapaswa kung'oa milimita 0.08 hivi. Zidisha 0.08 kwa meno 2 na kwa mizunguko 2,000, utapata milimita 320 kwa dakika. Ikiwa skrubu ya meza yako inasogea milimita 5 kwa kila mzunguko wa mpini, hiyo ni mizunguko 64 kwa dakika, zaidi kidogo ya mmoja kwa sekunde. Najua mkono utaona ni haraka. Lakini ukizungusha mizunguko 16 tu kwa dakika kwa kudhani unaihurumia endimili, kila jino linapata milimita 0.02, na ukali wa kawaida wa haispidi hauwezi kuingia vizuri kwenye unene mdogo hivyo. Unateleza, unapasha joto, na alumini inaganda. Ukishindwa kusogeza meza upesi, punguza mizunguko ya mashine, usipunguze unene wa chenga.

Ukikata ubavuni kwa upana mdogo, tuseme milimita 1.2 kwa endimili ya 12, chenga halisi hupungua hadi kama asilimia 60 ya ile uliyoikusudia, hivyo mwendo wa meza unaweza kuuongeza hadi karibu milimita 530 kwa dakika. Kina hapo kinaweza kufika milimita 12. Kwenye mfereji anza na kina cha milimita 3, kisha usikilize mashine.

Mwelekeo wa kukata usiuchukulie kirahisi. Kukata kwa kufuata mzunguko wa endimili hutoa uso mzuri, ila kwenye mashine ya mkono yenye skrubu iliyolegea endimili huishika meza na kuivuta ghafla. Kazi ya kupunguza ifanye kinyume na mzunguko, kisha pito la mwisho jembamba lifuate mzunguko, meza ikiwa imekazwa kidogo. Endimili ishikwe kwa koleti, ile pete inayobana shina lake pande zote, kamwe si kwa chaki ya drili, na isitokeze nje kuliko inavyohitajika, maana urefu ukiwa mara mbili, kupinda kunakuwa mara nane.

Alumini unayoletewa na wasubu wa sufuria uipokee kwa tahadhari. Pistoni za magari zikiyeyushwa zinaleta silikoni, mara nyingi asilimia 11 hadi 13, na silikoni hula makali ya haispidi haraka. Fremu za madirisha na sufuria zinaleta alumini laini inayonata. Wakivichanganya, hujui unachokata mpaka umekikata. Kwa vipande hivyo nunua endimili moja ya kabaidi, na pito la kwanza lipite chini kabisa ya ganda lenye mchanga wa subu, usiliparue juujuu. Ukipata bamba la alumini ya daraja la 6061 au 6082 lililokazwa kwa joto, kazi itakuwa rahisi mno.

Kuhusu kupoza, changanya mafuta ya kukatia kwa asilimia 8 hivi, ukimimina mafuta ndani ya maji na si maji ndani ya mafuta. Maji ya kisima yenye chumvi huutenganisha mchanganyiko, kwa hiyo tumia ya mvua kama umeyahifadhi, na kwa ukavu huu wa kwetu ongeza maji mara kwa mara kwani yanapungua haraka. Mafuta ya taa kwa brashi yanafanya kazi nzuri, lakini si katika karakana yenye mtu anayechomelea. Upepo wa kompresa ni msaada mkubwa zaidi ya vyote, kwa kuwa unafukuza chenga zisikatwe mara ya pili. Vaa miwani.

Kwenye kiti cha beringi uwe na subira. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 62 la beringi ya 6206, ukilipima kipande kikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya hewa, litapungua karibu milimita 0.03 likipoa, na beringi itakataa kuingia au itabanwa mno. Acha kipande kipoe kabisa kabla ya pito la mwisho, wala usikaze jiliwa inayoshika kipande kupita kiasi, kwani tundu lililokatwa likiwa limebanwa huharibu umbo lake ukilegeza.

Endimili zilizokwisha kuganda usizitupe. Zilaze kwenye maji yenye kostiki soda. Alumini itayeyuka na haispidi itabaki. Fanya hivyo nje, ukiwa na glovu na miwani, katika chombo cha plastiki kilicho wazi, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni.

Niandikie ukishakata kifuniko cha kwanza, na uniambie chenga zilikuwa za umbo gani. Nisalimie sana shemeji, watoto, na mzee nyumbani.

Wako katika kazi,
Fundi mwenzako wa Kizota