Amri Kumi ziachwe zilivyo

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika kwamba Biblia ya Kiswahili imekosea kusema "Amri Kumi", kwa kuwa Kiebrania kinasema "Maneno Kumi", na anataka tafsiri ibadilishwe. Kuhusu Kiebrania hajakosea. Kutoka 34:28 na Kumbukumbu la Torati 4:13 zote zinataja maneno, devarim, na ndivyo Wagiriki walivyopata dekalogos, yaani maneno kumi. Hilo la kubadilisha ndilo nisiloliafiki.

Amri tumeichukua kwa Waarabu, na mzizi wake, a-m-r, ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania. Mwarabu akitamka amara, maana yake ameamuru. Mwebrania akitamka amar, amesema tu. Kila "Mungu akasema" ya Mwanzo sura ya kwanza inatokana na mzizi huohuo. Neno tulilonalo, basi, lina ujamaa na kusema tangu zamani. Tena hapa Ujiji ukiiita "usiue" neno tu, watu watakuuliza neno la nani.

Kinachopotosha ni kudhani kwamba maagizo ya Wayahudi yameishia kwenye hizo kumi. Wao agizo la dini huliita mitzvah, kwa wingi mitzvot, na marabi wao huyahesabu 613: ya kutenda 248, ya kukataza 365. Mengi yalihusu Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70, kwa hiyo leo hayatekelezeki. Lakini neno lenyewe limetanuka. Mtu akienda kumtazama mgonjwa, au akishiriki maziko, husemwa amefanya mitzvah. Amri yetu haifiki huko. Sisi tungesema amepata thawabu.

Waislamu wana neno linalosogea karibu zaidi. Kumzika maiti ni faradhi kifaya: wakitimiza baadhi, waliobaki wamesalimika, asipojitokeza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Na faradhi ina ngazi zake chini, suna, kisha mubaha (lisilo na thawabu wala dhambi), makuruhu (linalochukiza bila kukatazwa kabisa), mpaka haramu. Amri ya Kiswahili haijui ngazi. Iwe ya Mungu, ya mahakama au ya mkuu wa wilaya, inatoka juu na wewe unatii.

Kama mwenzangu ana hamu ya kurekebisha, angeanza na Torati, vile vitabu vitano vya Musa. Torah kwa Kiebrania ni mafundisho, maelekezo. Walioitafsiri kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, waliandika nomos, yaani sheria, nasi tumerithi "sheria ya Musa". Kitabu chenye habari za Ibrahimu kuhama kwao na Yusufu kuuzwa na nduguze kimegeuka kuwa kama kanuni za adhabu! Mihadhara mingi ya jioni hujengwa juu ya neno hilo moja: Wayahudi walipewa sheria, sisi Wakristo neema. Likitafsiriwa "mafundisho", sijui wahadhiri wetu watasimama na nini.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma