YAH: Silikoni ya madirisha iliyouzwa kama ya elektroniki

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam.

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Elektroniki,
Kariakoo.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kutengeneza vifaa vidogo vya pikipiki, na safari hii ni kipima volti cha betri cha kufunga kwenye usukani. Injini ya silinda moja haina huruma na vitu vya namna hiyo. Kapasita ndefu, kile kipuri cha kutunza chaji ya umeme, husimama kwa miguu miwili myembamba. Mtetemo ukiiyumbisha, miguu inapinda na kunyooka, inapinda na kunyooka, hadi inakatika juu kidogo ya lehemu. Ndiyo maana mafundi huilaza ubavu penye nafasi, kisha huizungushia silikoni kitakoni ishikane na bodi, yaani kibao kinachobeba vipuri. Ila si silikoni yoyote. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Niliomba kaunta kwenu ile isiyotoa asidi, na nikataja kazi yake.

Nikapewa tyubu yenye stika ya duka lenu, “Kwa vifaa vya elektroniki”, kwa Sh 12,000. Risiti ninayo.

Harufu ya siki ilinipanda puani kapasita zikiwa zimeshazungushiwa. Nilikwangua na kusafisha kwa spiriti, lakini iliyopenya chini ya kapasita haikutoka. Bodi yenyewe nimeichonga nyumbani, shaba iko wazi bila rangi ya kinga. Baadaye nyuzi za waya zikaota ukijani, na njia ya shaba iliyo nyembamba kuliko zote ikalika: ukiweka multimita (kipima umeme) huku na huku, hailii, yaani umeme haupiti. Nilipobandua stika yenu nikakuta maandishi ya kiwandani na picha ya dirisha. Ni silikoni ya vioo, na kwa vioo pengine ni nzuri sana.

Niliporudi dukani, kijana wenu alisema, “Silikoni ni silikoni tu, kaka,” akanishauri ninunue gundi ya bunduki. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto, kwenye pikipiki inayoshinda juani kijiweni! Hiyo hulainika, kapasita ikaanza kucheza upya. Kosa la stika naweza kulielewa, lakini jibu hilo limeniudhi zaidi, kwa sababu mteja mwingine atalifuata.

Naomba mnirudishie Sh 12,000, mnilipe gharama ya bodi na vipuri vilivyoharibika (orodha na picha nimeambatanisha), na mbandue stika hizo kwenye tyubu zote zilizobaki rafuni. Kama mnayo silikoni halisi isiyotoa asidi, nipo tayari kuinunua.

Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitaipeleka tyubu pamoja na stika yake Tume ya Ushindani.

Wenu mteja,
(Sahihi)