Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba za Umma: tunaomba rafu moja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwahi kuchapisha kitabu. Kitabu kilichofungiwa ndani ya boksi chini ya kitanda hakijiuzi hata kiwe chema namna gani, na anayekitembeza mkononi huonekana mchuuzi kabla hajaonekana mwandishi.

Mimi ni mmoja wa wachuuzi hao. Nilipopeleka kitabu changu kwenye maktaba mojawapo nilipokewa vizuri, nikaambiwa niache nakala moja, nitaitwa. Miezi minane baadaye niliikuta stoo, ingali ndani ya bahasha niliyoipelekea. Simlaumu mkutubi. Kanuni zinamtaka anunue kwa wasambazaji wanaotambulika, tena vitabu vilivyokwisha kuhakikiwa magazetini. Gazeti nalo halihakiki kitabu kisichopatikana, na msambazaji hagusi kitabu kisichoulizwa na mtu. Basi hatununuliwi kwa kuwa hatujulikani, na hatujulikani kwa kuwa hatununuliwi.

Utaniambia mitandao ya kijamii ipo. Ipo, na tunaitumia mpaka tunachosha watu. Ila huko tunatangaziana wenyewe kwa wenyewe. Wafuasi wangu wengi ni waandishi wanaosubiri nami ninunue chao. Wengine wamefika mahali pa kulipia sifa za nyota tano. Si ujanja mpya: mshairi wa Marekani Walt Whitman alipojichapishia mashairi yake mwaka 1855, alijiandikia tahakiki za kujisifu bila kutia jina, zikatoka magazetini. Watu huicheka habari hiyo. Mimi siicheki, namwelewa.

Msomaji asiyekufahamu humpati kwa kumpigia kelele akiwa na shughuli zake. Unampata pale alipoinuka mwenyewe kutafuta cha kusoma, na watu wa namna hiyo wanaingia kwako kila siku.

Ndiyo maana naomba rafu moja katika kila maktaba, karibu na meza ya kuazimia, vitabu vikiwa vimegeuzwa majalada yamtazame msomaji. Kitabu cha mtu asiyejulikana kikionyesha uti wa mgongo tu, hakuna atakayekivuta. Vibadilishwe kila mwezi ili wengi wapate zamu. Vikundi vya usomaji vinavyokutana kwenye kumbi zenu viazimwe nakala kumi za kitabu kimoja kwa pamoja, kwa sababu watu kumi waliobishana juu ya kitabu watakizungumza nyumbani na kazini bila mwandishi kulipia tangazo. Mwandishi naye aitwe siku hiyo, asome kurasa chache, aulizwe maswali magumu. Hotuba za uzinduzi tumezichoka, hata sisi tunaozitoa.

Tuonyesheni pia vitabu vyetu vimeazimwa mara ngapi. Denmark ilianza mwaka 1946 kuwalipa waandishi kwa vitabu vyao kuwepo maktabani. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1979, na huko malipo huhesabiwa kwa kila uazimaji, yakiwa na kikomo ili wenye majina makubwa wasizoe fungu lote. Sidai malipo leo. Ile hesabu peke yake ingenitosha: ningemwendea mchapishaji au mwenye duka la vitabu nikiwa na ushahidi mkononi badala ya maombi.

Nasi tuna makosa yetu. Wengi tunakimbilia kiwandani kabla ya mhariri, majalada yetu mengine yanafukuza watu, na wapo wanaochapisha bila hata ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, halafu wanashangaa kitabu hakionekani kwenye orodha yoyote. Wekeni jopo la wasomaji litukatae pale tunapostahili kukataliwa, mradi liwe limesoma.

Kuhusu changu, sikuombi ukinunue. Kiko stoo, rafu ya chini kabisa, kwenye bahasha ya kaki. Naomba mtu aifungue.

Wako,
Mwandishi usiyemjua