"Chukueni tahadhari" haitoshi, tuambiwe tuangalie nini

Mhariri,

Kila vuli inapokaribia, tangazo ni lile lile: wanaoishi mabondeni na milimani wachukue tahadhari. Tahadhari ipi dhidi ya maporomoko ya ardhi, haisemwi. Mkazi wa Lushoto au Mgeta akishazima redio, hana alichoambiwa afanye.

Wengi hudhani hatari ni ya waliojenga juu mlimani. Mlima Hanang, mkoani Manyara, ulionyesha vingine. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima iliyokwisha kulowa ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikafuata makorongo hadi mjini Katesh, chini kwenye tambarare. Watu zaidi ya 80 walikufa. Aliyejenga kwenye mdomo wa korongo, hata kama kiwanja chake ni bapa kama meza, yumo hatarini kuliko jirani aliye kwenye mgongo wa kilima. Atazame mawe yaliyotapakaa shambani mwake. Yakiwa makubwa kuliko yale ambayo mto wa kawaida unaweza kuyabeba, yaliletwa na tope, na tope likirudi litapita hapo hapo.

Dalili ya kutazamwa kabla ya zote ni maji ya kijito. Yakigeuka tope ghafla, au yakianza kuleta matawi mabichi yenye majani, huko juu ardhi imeshaanguka. Mbaya zaidi ni kijito kupungua huku mvua ikiendelea. Watu hufurahi na kuvuka, kumbe udongo umeziba njia na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizuizi hicho kikipasuka, vyote hushuka kwa mkupuo. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, maji yalizuiwa na takataka kwenye njia yake chini ya reli, kisha yakafumuka usiku juu ya watu waliolala.

Kwenye mteremko wenyewe, tafuta ufa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya shamba au nyumba. Pigilia kigingi kila upande wa ufa, pima nafasi kati yao kwa utepe wa kupimia, andika tarehe, pima tena asubuhi na jioni. Nafasi ikiongezeka, hata kwa sentimita moja, usingoje kipimo cha pili: hama siku hiyo. Ufa usiotanuka nao usiachwe wazi, maana maji yakiujaa huusukuma udongo kutoka ndani. Uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na uchimbe mtaro juu yake wa kuyaelekeza maji pembeni, yasiingie kwa jirani. Dalili nyingine ni mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kukwama, nguzo na miti kuinama, chemchemi kuibuka pasipokuwa na maji, na ardhi kuvimba chini ya mteremko.

Tatizo jingine tunalitengeneza wenyewe. Mtu akitaka kiwanja hukata mteremko wima, hujenga mita moja kutoka ukutani, na maji ya bati huyaacha yamwagike hapo hapo nyuma ya nyumba. Ameondoa mguu ulioshikilia mlima, halafu anaulowesha. Migomba aliyopanda juu haitamsaidia, mizizi yake ni mifupi. Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, Februari 1970, mvua ya karibu milimita 100 ndani ya saa tatu hivi ilisababisha maporomoko zaidi ya elfu moja. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, machache mno chini ya miti.

Mvua ipimwe kijijini. Kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja linatosha. Liwekwe mbali na paa na miti, na kila siku saa moja asubuhi rula ichovywe, namba iandikwe, maji yamwagwe. (Rula nyingi zina pengo kabla ya sifuri; likatwe.) Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Ila udongo ulionyeshewa wiki nzima unaweza kumeguka kwa mvua ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo jumla ya wiki itazamwe pia.

Ukisikia muungurumo unaozidi, mawe yakigongana au miti ikivunjika, usikimbie kufuata korongo kuelekea chini. Tope litakupita. Kimbia kwa upande, ukipanda, hadi mgongo wa kilima. Usivuke daraja kabla ya kutazama upande maji yanakotoka. Ukizidiwa, jikunje na ukinge kichwa kwa mikono. Likishatulia, usirudi kuchukua godoro wala mbuzi, maana pomoko la pili hufuata mara nyingi. Wanaochimba kuokoa waweke mtu mmoja wa kutazama juu tu, na Zimamoto wapigiwe 114.

Maafa haya hupenda usiku. West Pokot, Kenya, Novemba 2019, wengi walikutwa vitandani. Kila kitongoji kilicho chini ya korongo kiwe na zamu ya mtu mmoja macho usiku wa mvua kubwa, mwenye tochi na filimbi, si simu, kwa kuwa mnara unaweza kuzimika. Mlio ukubaliwe mapema na ujaribiwe mchana, watoto wakiwepo, hadi kila mmoja ajue anakimbilia kilima kipi.

Mjiolojia,
Morogoro