Tuandikiwe tulipimwa kipimo gani

Mhariri,

Kila ninapomsikia mtu hapa Mombasa akisema kwamba alipimwa korona na hakupatikana nayo, hutamani kumuuliza alipimwa kwa kipimo gani, na siku ya ngapi tangu aanze kuumwa. Mji wa Kale ulipofungwa Mei 2020 tulihimizwa sana tujitokeze kupimwa, ila ni wachache waliotueleza vipimo vyenyewe hutafuta nini mwilini.

Shemeji yangu, dereva wa lori, alitobolewa kidole katika zahanati moja ya binafsi siku ya tatu ya homa na kikohozi. Kadi ikatoa mstari mmoja, akaambiwa yuko salama, naye usiku huo akaenda kulala kwa mamake, Likoni, mama mwenye kisukari. Kumbe kipimo kile kilitafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, ambazo mwili huchukua wiki moja au mbili kuziunda, hivyo siku ya tatu hakikuwa na la kumwambia kuhusu maradhi aliyokuwa nayo. Baada ya siku nane mama huyo, mkwe wangu, alikuwa akipumua kwa oksijeni. Alipona, Alhamdulillahi.

Kipimo cha PCR, kinachotumia kijiti chenye pamba kinachopitishwa puani hadi nyuma ya koo, ndicho cha kutegemewa zaidi, kwa sababu maabara hugeuza RNA ya virusi, yaani chembe zake za urithi, kuwa DNA na kuirudufisha kwa mizunguko ipatayo 40, hata chembe chache zikaonekana. Hata hivyo, kinaweza kunasa mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na majibu hungojewa. Sampuli zetu za Pwani zilisafirishwa hadi maabara ya Kilifi. Kipimo cha antijeni hutafuta protini ya virusi na hujibu kwa dakika 15 hadi 30, lakini kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kugundua asilimia 80 ya wale ambao PCR ingewagundua. Kwa hiyo wagonjwa 20 katika kila 100 wanaweza kurudishwa nyumbani wakidhani ni wazima.

Naiomba Wizara ya Afya na serikali ya kaunti ziagize kila karatasi ya majibu itaje aina ya kipimo, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, na siku ambayo mwenye dalili atarudi kupimwa tena. Karatasi ya shemeji yangu ningali nayo: ina jina lake, muhuri, na neno moja tu, "hana".

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa