Wauguzi, waulizeni wazee kuhusu tendo la ndoa

Mhariri,

Mzee akifika kliniki hupimwa presha na sukari, akaulizwa kuhusu usingizi na choo. Kuhusu tendo la ndoa, kimya. Muuguzi, ambaye mara nyingi ana umri wa mjukuu wake, huona haya. Mzee naye husubiri aulizwe. Kila mmoja anadhani anamstahi mwenzake, kumbe wanaficha maradhi.

Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua. Ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu, ukachubuka kirahisi, na michubuko hiyo huvipa virusi vya UKIMWI njia ya kupenya. Ni wakati huohuo kondomu huachwa, kwa kuwa hofu ya mimba imekwisha. Wanaoendelea kuitumia nao huipaka mafuta ya mgando ili kupunguza ukavu. Mafuta huudhoofisha mpira wa kondomu, ikapasuka. Kilainishi kiwe cha maji. Mama anayetokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone, achunguzwe saratani. Na mzee anayekonda, kuchoka na kusahau apimwe VVU kabla ya kuambiwa kwamba ni uzee tu.

Kwa wanaume, hatari kubwa ni vidonge vya nguvu za kiume vinavyonunuliwa kwa siri. Sildenafil, mojawapo ya dawa hizo, ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mwanamume akiletwa na maumivu ya kifua, kabla ya kumwekea nitrati chini ya ulimi aulizwe waziwazi kama amemeza kidonge cha nguvu za kiume, kipi na saa ngapi. Kama ni sildenafil, nitrati haifai ndani ya saa 24. Kama ni tadalafil, dawa nyingine ya aina hiyo, saa 48. Tena kupungua kwa nguvu zenyewe kunaweza kuwa dalili ya kisukari au ya mishipa ya damu kuziba, au kuletwa na baadhi ya dawa za presha na za sonona. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Daktari anaweza kumbadilishia.

Namna ya kuuliza inafundishika. Aliyemsindikiza mgonjwa atoke, mlango ufungwe, muuguzi aketi. Kisha aseme: “Mama, maradhi haya na dawa zake huwasumbua wengi katika tendo la ndoa. Naomba ruhusa nikuulize, kwako hali ikoje?” Akisita, asilazimishwe, aambiwe anaweza kulizungumza siku nyingine, na muuguzi amuulize tena akirudi. Kama lugha inawapiga chenga, atafutwe mtumishi mwingine wa kutafsiri. Asiitwe mwana wala mkwe, maana mbele yao mzee atajibu kwamba hana tatizo lolote.

Mkufunzi wa wauguzi